Risasi Nene na Risasi Nyembamba: Hoja ya Nguvu ya Kuangusha, 1888–1915

Neno risasi limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini mazito, laini, yayeyukayo upesi motoni. Zama za magobori jina liliafikiana na kitu chenyewe. Baadaye jina likabaki, kitu kikageuka. Mwaka 1888 jeshi la Uingereza lilipokea bunduki ya Lee-Metford, yenye risasi ya milimita 7.7 iliyovikwa ganda la shaba na nikeli, mahali pa Martini-Henry ya milimita 11.4.

Risasi ya Martini ilikuwa na uzito wa grami 31, ikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 410 hivi kwa sekunde. Ile mpya, ilipokwisha kupata baruti isiyo moshi, ilikuwa ya grami 14 kwa mita 610 hivi. Kwa hesabu ya nishati mizani inakaribia kusimama: juli 2,600 hivi kila upande. Hata hivyo katika vita vya Chitral, mwaka 1895, askari walinung'unika kwamba adui huipokea risasi nyembamba na bado akaja mbio. Sababu si ngumu. Risasi laini hupasuka na kutanuka mwilini. Iliyovikwa ganda hupita moja kwa moja, ikachukua nguvu zake ng'ambo ya pili. Lakini manung'uniko hayo yapokewe kwa hadhari, kwani aangukaye hapo hapo hasimuliwi. Aendeleaye kuja hukumbukwa na kombania nzima. Tena apigwaye ubongo au uti wa mgongo huanguka, uwe unene wowote.

Jawabu lilitoka karakana ya Dum Dum, karibu na Calcutta, ambako Kapteni Bertie-Clay aliacha ncha ya risasi bila ganda ili itanuke. Katika mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 mjumbe wa Uingereza, Jenerali Ardagh, aliitetea kwa hoja kwamba “mshenzi” hasimami kwa jeraha dogo kama Mzungu asimamavyo. Hoja hiyo haikuwa na msingi wowote katika elimu ya mwili. Ilikuwa siasa iliyovikwa kanzu ya tiba. Mkutano ulizikataza risasi hizo. Uingereza ilikubali mwaka 1907. Mwaka 1910 ikatoa risasi yenye ncha kali, nyepesi mbele na nzito nyuma, ambayo hupinduka ikiingia mwilini. Herufi ya sheria ilitimizwa.

Katika Afrika ya Mashariki Wajerumani waliwaachia askari wao Waafrika bunduki ya mwaka 1871, milimita 11, risasi ya grami 25. Ndiyo iliyotumika sana katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, pamoja na bunduki za mtombo, juu ya watu walioahidiwa kwamba risasi zitageuka maji. Unene wake haukuwa na shaka. Walakini huko Tanga, Novemba 1914, kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa mpigaji. Aprili 1915 meli ya Rubens ilileta ghuba ya Manza bunduki mpya za milimita 7.9. Ilipigwa na kuchomwa. Viasi vikaopolewa baharini, vikafunguliwa kimoja kimoja, baruti ikaanikwa.