Kugeuza orodha kuwa safu ya vipimo vingi

Kugeuza orodha kuwa safu ni hatua ya kuchukua orodha zilizomo ndani ya orodha nyingine na kuzipanga upya kuwa safu moja ya vipimo vingi. Katika lugha ya Python, kazi hii hufanywa zaidi kwa maktaba ya NumPy, iliyoundwa na Travis Oliphant mwaka 2005. Agizo np.array([[1, 2, 3], [4, 5, 6]]), ambapo np ni kifupi cha NumPy, huzaa safu yenye umbo (2, 3), yaani mistari miwili yenye namba tatu tatu.

Tofauti kubwa imo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Orodha hutunza anwani tu za vitu vilivyotawanyika, ilhali safu huziweka namba zenyewe bega kwa bega, zote za aina moja. Namba sita za biti 64 hukaa katika baiti 48 zinazofuatana, na hapo ndipo kasi inapotoka. Kwa kuwa namba zote sharti ziwe za aina moja, desimali moja ikichanganyika na namba kamili, zote hugeuka desimali.

Orodha za ndani sharti zilingane urefu. [[1, 2], [3]] haina umbo la mstatili. Zamani NumPy iliipokea kimyakimya na kuzaa safu ya vitu, mtego mbaya kwa anayejifunza. Tangu toleo 1.24 la mwaka 2022 huikataa kwa kosa la ValueError, na ni afadhali hivyo.