Daftari la msaada lililozaliwa likiwa kesi ya polisi

Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoaji huduma za mali za kidijitali. Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zikakabidhiwa kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiendeshwa bila msimamizi. Vyombo vingi vya habari viliipokea kama habari ya vijana wa Nairobi wanaonunua na kuuza Bitcoin kwa simu. Garsen, huku kwetu Delta ya Tana, haikutajwa. Lakini teknolojia inayozibeba sarafu hizo, blokicheni, ina upande mwingine usiohusu utajiri wa mtu yeyote. Ni upande wa msaada wa dharura, na hapa kwetu Kenya habari yake ilianzia Pwani, kwa watu kutiwa pingu.

Anayeishi kando ya mto Tana hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili linamhusu. Mabwawa ya juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakijaa na kufurika, maji hushuka mpaka Hola, Garsen na Delta nzima. Yalishuka 1961, yakashuka wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, yakashuka 2018, kisha Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, barabara zikakatika na watu wakasafirishwa kwa mashua mahali palipokuwa na lami. Kila mafuriko huja na kambi, na kila kambi huja na orodha. Nani ameandikwa? Nani ameandikwa mara mbili? Nani ameachwa kwa kuwa siku ya kuandikishwa alikuwa ng'ambo ya mto na mifugo wake? Orodha huanzia mkononi mwa mzee wa kijiji, ikaenda kwa chifu, ikafika ofisi ya shirika, na inaporudi na msaada majina mengine yamepotea njiani. Mahali ambapo mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma au Kiwardei tayari wanagombania maji na malisho, jina lililokosekana huweza kuzua balaa.

Blokicheni, ukiiondolea makelele yake, ni daftari. Ni kama daftari la chama ambalo kila mwanachama ana nakala yake nyumbani, na hakuna ingizo linalokubalika mpaka nakala zilizo nyingi zilingane. Kila ukurasa hubeba alama ya kihesabu iliyotokana na ukurasa uliotangulia, hivyo anayetaka kufuta mstari wa mwezi jana atalazimika kuandika upya kila kilichofuata, katika nakala zilizo nyingi, mbele ya macho ya wote. Mtu ambaye jina lake limewahi kupotea kwenye orodha ya mafuriko anaelewa mara moja faida ya kitu kama hicho.

Hatua zilizotangulia daftari hilo katika misaada zinajulikana. Msaada ulikuja kwa magunia ya mahindi kwa miongo mingi. Baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Concern Worldwide lilijaribu kutuma pesa za msaada kwa M-Pesa huko Kerio Valley, mwaka mmoja tu tangu M-Pesa yenyewe ianze. Karibu wakati huo huo mpango wa serikali wa kupambana na njaa ulianza kulipa familia za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Tana River iliingizwa baadaye sana, pamoja na Garissa, Isiolo na Samburu. Mwaka 2011 Wakenya wenyewe walichangishana kwa simu katika kampeni ya Kenyans for Kenya, chini ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kufikia hapo pesa ilishachukua nafasi ya gunia, lakini daftari lilikuwa lilelile, la ofisini.

Aliyekuja kulitikisa daftari hilo ni mwanafizikia wa Marekani, Will Ruddick, aliyefika Kenya kama mfanyakazi wa kujitolea na kuanzisha shirika la Grassroots Economics. Habari nyingi ninazozisimulia hapa zinatokana na maandishi yake na ya wenzake, na ni haki msomaji ajue hilo. Mwaka 2010 alijaribu vocha za karatasi zilizoitwa Eco-Pesa huko Kongowea. Miaka mitatu baadaye, Mei 2013, akiwa na wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa mabanda wa Bangladesh, Mombasa, walizindua Bangla-Pesa.

Wazo lilitoka kwenye shida ambayo kila muuza mboga anaijua. Katikati ya mwezi nyanya zipo, maji ya mtungi yapo, kinyozi yupo na kiti chake kitupu, ila shilingi hakuna mfukoni mwa mtu. Watu wana vitu na ujuzi wa kubadilishana, lakini biashara imelala kwa kukosa karatasi ya kuipitishia. Basi kila mfanyabiashara aliyetaka kujiunga alitafuta wenzake wanne wa kumdhamini, akakabidhiwa vocha zenye thamani ya shilingi mia nne, nusu yake ya kutumia na nusu ya kazi za jamii. Muuza mboga akamlipa mwenye maji kwa vocha, mwenye maji akanyolewa kwa vocha, kinyozi akarudi kununua mboga. Vocha hazikuondoka mtaani. Shilingi chache zilizokuwapo zikabaki kwa karo na dawa.

Majaribio hayakumaliza hata mwezi. Mwishoni mwa Mei polisi walimkamata Ruddick pamoja na wakazi watano wa Bangladesh waliokuwa mstari wa mbele. Kwanza walihusishwa na Mombasa Republican Council (MRC), kundi lililodai Pwani ijitenge na Kenya. Vocha za kununulia mboga ziligeuzwa sarafu ya uasi. Kisha yakaja mashtaka ya kughushi, makosa yanayoweza kumpeleka mtu gerezani miaka saba.

Inabidi kukumbuka hali ya Pwani wakati huo ili kuelewa, ingawa kuelewa si kusamehe. Agosti 2012 watu zaidi ya hamsini waliuawa kijijini Riketa, hapa Delta ya Tana, na mauaji ya kulipizana yakaendelea hadi mwaka uliofuata, kukiwa na amri ya kutotoka nje usiku. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 2013 maafisa wa polisi waliuawa Mombasa na Kilifi, na MRC ikalaumiwa. Serikali mpya iliingia ikiitazama Pwani yote kama jambo la usalama. Ukitazama hivyo, kila mkutano huwa njama na kila karatasi yenye nambari huwa noti bandia. Watu waliokuwa wakijaribu kula bila kusubiri hisani ya mtu walifikishwa kortini, wakaachiliwa kwa dhamana, na wakakaa miezi wakisubiri kujua kama kumdhamini jirani ni jinai.

Hakuna noti iliyoghushiwa. Vocha haikufanana na shilingi na haikudai kuwa shilingi. Agosti 2013 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliifuta kesi. Bangla-Pesa ikarudi mtaani, na kwa maelezo ya wasimuliaji wake, ile kesi ndiyo iliyoitangaza kuliko tangazo lolote. Vocha za namna hiyo zikaanzishwa Kawangware, Kangemi, Kibera na Kwale, kila mtaa na jina lake.

Kasoro ya karatasi ni kwamba huchanika, hupotea, na hesabu yake hujulikana na wachache. Mwaka 2018 Grassroots Economics walishirikiana na mradi wa sarafu za kidijitali wa Bancor kuziingiza vocha hizo kwenye blokicheni, na polepole zikaungana kuwa Sarafu, iliyotumika hata kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti. Msalaba Mwekundu wa Kenya, wakisaidiwa na wenzao wa Denmark, wakaingia na kuipeleka Mukuru jijini Nairobi na baadaye Kisauni. Janga la korona lilipofunga kazi za vibarua mwaka 2020, watu wa Mukuru na wa Kinango walinunuliana chakula kwa Sarafu. Takwimu zilizochapishwa na watafiti kutoka kwenye daftari lenyewe, kati ya Januari 2020 na Juni 2021, zinaonyesha watumiaji takriban 40,000 na miamala zaidi ya 400,000. Mtu yeyote duniani angeweza kuifuatilia, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa hadharani bila majina. Kazi iliyoitwa jinai mwaka 2013 ilikuwa imepata kibali cha shirika la misaada linaloheshimiwa kuliko yote nchini, na sijasikia ofisi yoyote ikiwaomba radhi wale watano wa Bangladesh.

Njia ya pili ilipitia Isiolo, kaunti iliyo juu ya ramani lakini inayofanana nasi kwa ukame. Mwaka 2018 Msalaba Mwekundu wa Kenya na Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, kwa mfumo wa kampuni ya RedRose, walituma pesa kwa familia zilizokumbwa na ukame kupitia M-Pesa, huku kila agizo la malipo likiandikwa kwenye blokicheni. Duniani walikuwa wametanguliwa kidogo na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lililoanza na majaribio Pakistan mapema 2017 na kisha kambi ya Azraq nchini Jordan, ambako wakimbizi walilipia chakula dukani kwa kuchunguzwa mboni ya jicho. Tathmini ya Isiolo ilisifu uwazi kati ya taasisi zinazohusika na wepesi wa kulinganisha hesabu. Ikaonya pia kuhusu mambo mawili: kwamba kisichofutika ni hatari kwa siri za watu, na kwamba asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo daftari liwe zuri kiasi gani, halimfikii.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoishangilia Isiolo. Kwa mama aliyepokea pesa hakuna kilichobadilika. Alipata ujumbe wa M-Pesa kama ambavyo angeupata bila blokicheni. Daftari lilifungwa ndani ya mashirika, likasomwa na wahasibu wao, na yeye ambaye jina lake ndilo lililoandikwa hakuwa na nakala. Bangladesh, kwa karatasi zao za rangi, walikuwa na kitu ambacho Isiolo hawakupewa: walijua nani amepewa nini kwa kuwa wao ndio waliodhaminiana na wao ndio waliohesabu.

Onyo la tathmini hiyo, hata hivyo, lina uzito mkubwa zaidi huku kwetu. Orodha isiyofutika inayoonyesha nani anaishi wapi na ni wa kabila gani, katika Delta iliyopitia 2012, si kitu cha kuachwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zifutwe, na blokicheni kwa maumbile yake haifuti. Kinachofaa kuandikwa hadharani ni kiasi kilichofika kila kijiji na idadi ya kaya zilizolipwa, majina yakihifadhiwa kwingine kwa ulinzi wa sheria. Wakenya waliona mwaka 2023 jinsi foleni ndefu zilivyopangwa Nairobi ili watu wachunguzwe mboni kwa mradi wa Worldcoin na kulipwa kwa sarafu yake, mpaka serikali ikausimamisha Agosti mwaka huo. Mtu aliyepoteza shamba kwa maji ni rahisi zaidi kushawishika kuliko kijana wa jijini.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimulia. Msalaba Mwekundu uliendelea na majaribio ya vitambulisho vya kidijitali kwa wasio na kadi. Sarafu ilihamia mtandao wa blokicheni wa Celo, na sasa kikundi chaweza kutoa vocha yake chenyewe, inayodhaminiwa na mahindi, kuku au siku ya kazi ya shambani. Mizizi ya kazi hiyo iko Kwale na Kilifi, kaunti zinazozungumza lugha yetu na kulima kama tunavyolima.

Sheria ya 2025 inahitaji kanuni za kuitekeleza, na Katiba inataka wananchi washirikishwe kabla kanuni hazijapita. Wabunge wa Garsen, Galole na Bura na bunge la kaunti kule Hola wana swali la wazi la kuipelekea Benki Kuu: je, kikundi cha akina mama wa Idsowe au Tarasaa kikitoa vocha ya mpunga wake ili wanachama wavuke miezi ya maji, kitahesabiwa kuwa kampuni inayohitaji leseni, au kitakamatwa kama walivyokamatwa wa Bangladesh? Na ofisi za misaada zinapoandikisha watu kabla ya mabwawa kufurika tena, zitamke mapema kama jumla za kila kijiji zitabandikwa mahali ambapo Mpokomo na Mwardei wanaweza kuzisoma wote wawili siku moja.