Udongo wa Shubiri Moja

Kwa shilingi 15,000 kwa usiku napata kitanda cha mbao, meza inayoyumba, taa ya sola na chai ya mchaichai asubuhi. Kibanda kimo ndani ya bustani ya bibi mmoja juu ya mji wa Morogoro, pembeni mwa njia ya kupandia Morningside. Choo kiko nje. Maji yanakuja kwa bomba la plastiki kutoka kijitoni, na mtandao unashika ukisimama chini ya mparachichi. Nimekuja kwa siku tisa kuandika sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili. Kwa mtu anayelala chumba kimoja na wenzake watatu, hii ni anasa.

Wapo waliotangulia kupanda huku kutafuta utulivu. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na Wajerumani, ambao joto la bondeni liliwashinda, wakajijengea nyumba ya mapumziko huko Morningside. Jina lenyewe hunichekesha: la Kiingereza, kwa nyumba ya Wajerumani, katika nchi ya Waluguru. Ukikaa barazani mahali kama pale, msitu unaonekana mzuri na mashamba yanaonekana kama makovu. Nyaraka ninazozisoma kila usiku ni kama ziliandikwa kutoka baraza hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza iliitazama miteremko hii ikaona hatari: udongo unaporomoka na mito inajaa matope. Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam leo, hupata maji yake huku. Basi ukaja mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Kuchoma mashamba kukapigwa marufuku, na watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao wenyewe, watake wasitake. Julai 1955, huko Matombo upande wa mashariki, wakakataa waziwazi. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa naye.

TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kwa hiyo tukio hilo husimuliwa zaidi kama sehemu ya safari ya uhuru. Sipingi. Lakini simulizi hiyo huwaruka watu haraka mno, kana kwamba walikuwa wakisubiri chama kije kiwaambie kwamba wanaumia. Mimi nataka kujua tuta lenyewe liliwakosea nini.

Jibu moja ni la ukoo. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na ni mali ya lukolo. Anayelima shamba la lukolo nyingine hutoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba mwenyewe yupo. Sasa mtu akichimba tuta la kudumu kwenye shamba la kuazima, jasho lile ni la nani? Na serikali iliyoamuru lichimbwe, kesho haitasema ni lake?

Jibu la pili nilionyeshwa siku ya nne. Bibi alikuwa akichimba shimo la mgomba, akaniita kutoka mezani.

"Mjukuu wangu, njoo ushike jembe. Karatasi hazikimbii."

Nilichimba. Udongo mweusi uliishia kwenye shubiri moja hivi. Chini yake ukaja mwekundu, mgumu, unaonata. Bibi akautenga kwenye rundo lake.

"Huu mweusi ndio shamba," alisema. "Huu mwekundu ni wa kukandikia nyumba."

Mwaka 1955 alikuwa hajazaliwa, na habari za Matombo hajapata kuzisikia. Nilipomweleza jinsi tuta la ngazi linavyokatwa, mlima ukichongwa na udongo wa juu kufukiwa chini ya ule wa ndani, aliniangalia kama anayesubiri nifike kwenye mzaha.

"Halafu wakapanda nini?"

Walipanda mahindi, na mahindi kwenye udongo mwekundu hutoka manjano, mafupi. Mkulima alikuwa amefanya kazi mara mbili ili avune nusu. Nimeiandika hoja hii ukurasa mzima, na bado sentensi yake moja naiona inatosha kuliko yangu zote.

Kuna jambo linaloisumbua hoja hiyo, na ndilo ninalolipenda zaidi. Upande wa magharibi, Mgeta, matuta yapo mpaka leo. Kule kuna baridi, wanalima kabichi, karoti na njegere za kuuza Dar es Salaam, na mboga hulipa kiasi cha mtu kubeba samadi mgongoni hadi shambani. Hakuna afisa anayewasimamia. Sura ya tatu imefika ukurasa wa 21 ikiwa na Matombo peke yake. Keshokutwa nashuka mjini, nitafute gari la Nyandira.