Nafasi Iliyobaki Kwenye Karatasi

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia. Nilikuwa mtangazaji wa zamu ya alfajiri, mwanangu mdogo, siku dada wa kazi alipoondoka ghafla. Siku hiyo nilijua: pasipo mtu wa kukaa na mtoto, hakuna kazi. Ndiyo maana wiki hii, msomaji, nakupeleka Ontario, jimbo la Kanada, mwaka 2020.

Machi mwaka ule, korona ilipoingia, serikali ya jimbo ilifunga vituo vya kulelea watoto mchana, isipokuwa vichache vya watoto wa wauguzi na wafanyakazi wengine wa huduma za lazima. Aprili ikatoa amri njema: kituo kilichofungwa kisimtoze mzazi ada, wala kisimnyang'anye mtoto nafasi yake. Wazazi wakashusha pumzi.

Juni 12 vituo vikaruhusiwa kufunguliwa, baada ya notisi ya siku tatu tu. Lakini kila kundi lisizidi watu 10, walezi wakihesabiwa humo humo. Hebu tupige hesabu. Chumba cha chekechea kiliruhusiwa kisheria kuwa na watoto 24. Sasa walezi wawili wakiingia, wanabaki watoto 8. Wale 16 waende wapi?

Nafasi yao ilikuwapo kwenye karatasi, mlangoni haikuwapo. Wenye vituo wakaachiwa mzigo wa kuchagua. Mzazi aliyelazimika kutoka kwenda kazini alipaswa kufikiriwa mapema. Anayefanyia kazi nyumbani je? Kana kwamba mtoto wa miaka mitatu hunyamaza mama akiwa kwenye simu!

Julai 27 kundi likapandishwa hadi watoto 15, na Septemba vyumba vikarudia hesabu ya kawaida. Kwenye kitabu cha historia, miezi hiyo ni mstari mmoja. Kwa mama aliyeitwa kazini Juni, ni mingi mno.

Sisemi amri ile ilikuwa ya kipuuzi. Ugonjwa ulikuwa unaua. Nasema mzigo wake waliubeba wazazi, hasa akina mama. Aprili 2021 waziri wa fedha wa Kanada, Chrystia Freeland, alikiri kwamba janga limeanika jambo ambalo wanawake walilijua zamani. Bajeti yake ilitenga dola bilioni 30 kwa miaka mitano, ada ishuke hadi wastani wa dola 10 kwa siku. Ontario ilitia saini Machi 2022, ikiwa jimbo la mwisho.

Basi serikali yoyote itakayopunguza tena nafasi za watoto, na iseme siku hiyo hiyo watakaokosa watakaa na nani.