Karani akihama na siri za duka: sheria inasemaje Rumonge na ng'ambo ya ziwa

Karani anayeacha kazi katika ghala la mawese mjini Rumonge na kwenda kufungua la kwake Baraka, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mara nyingi habebi kitu ambacho askari wa bandarini anaweza kukikamata. Anabeba majina na namba za simu za wanunuzi wa jumla, bei halisi ambayo tajiri wake alikuwa akiwalipa wakamuaji wa vijijini, habari za nani hulipa kwa wakati na nani ni msumbufu, na pengine kipimo cha kostiki katika sabuni inayopendwa. Miezi michache baadaye wateja wanapungua. Tajiri anajiuliza kama ameibiwa, na kama ameibiwa, akashitaki wapi: Bujumbura, Uvira au Kigoma?

Sheria zipo pande zote za ziwa, lakini zinalinda kidogo kuliko wafanyabiashara wengi wanavyodhani, na zinamlinda zaidi yule aliyejiandaa kabla ya siri kutoka.

Kwanza ieleweke siri ya biashara ni nini. Kipimo kinachotumika karibu dunia nzima kimo katika kifungu cha 39 cha mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, ambalo Burundi ni mwanachama wake tangu Julai 1995. Habari huwa siri inayolindwa iwapo haijulikani wala haipatikani kwa urahisi kwa watu wa fani hiyo, iwapo ina thamani ya kibiashara kwa sababu ni siri, na iwapo mwenyewe amechukua hatua za kuridhisha kuitunza. Nchi maskini zaidi, Burundi ikiwemo, zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba huo. Hata hivyo Burundi haikusubiri, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kwa kipimo hicho, mengi yanayoitwa siri mwambao wa Rumonge hadi Nyanza-Lac hayafiki. Bei ya ndagala sokoni si siri, kwa kuwa kila mwenye simu anaijua kabla ya saa tatu asubuhi. Majira ambayo mukeke huwa wengi ni maarifa ya wavuvi wote. Ukaushaji wa ndagala juu ya vichanja vya waya badala ya mchangani, ambao shirika la FAO lilianza kuuonyesha Mvugo, kusini mwa Burundi, mwaka 2004, ulifundishwa hadharani ili uenee, na umeenea. Hakuna anayeweza kusimama mahakamani akadai jirani yake ameuiba.

Kinachoweza kufika ni kama orodha ya wateja iliyokusanywa kwa miaka, ikiwa na kumbukumbu ya mikopo na malipo ya kila mmoja. Au hesabu ya gharama halisi ya dumu moja la mawese kutoka kwa mkamuaji hadi linaposhushwa ng'ambo, ambayo mshindani akiijua anaweza kupunguza bei kwa kiasi kidogo tu na kuchukua soko lote. Au bei ya zabuni kabla bahasha hazijafunguliwa. Au mchanganyiko wa sabuni.

Wengi hukwama kwenye sharti la mwisho, la utunzaji. Daftari linalolala juu ya meza ya kaunta, ambalo wapagazi, wageni na watoto wa nyumbani hulifunua, haliwezi kugeuka siri siku ya kesi. Bei ya kununulia iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la watu 60 imekwisha kutangazwa. Mahakama haidai kuta za benki. Itauliza tu: nani alikuwa na ruhusa ya kujua, na je, aliambiwa kwamba ni siri?

Jambo jingine linalochanganywa ni siri na hataza. Anayetaka hataza hulazimika kueleza uvumbuzi wake hadharani, naye hulindwa kwa miaka 20, kisha ni wa wote. Siri haisajiliwi popote na inaweza kudumu vizazi, ila ulinzi wake ni mwembamba: mshindani akinunua sabuni yako dukani, akaichunguza na kugundua mwenyewe imetengenezwa vipi, hajavunja sheria. Jina na nembo ya sabuni ni jambo la tatu, la alama ya biashara, na hiyo inafaa isajiliwe mapema. Kampuni ya Coca-Cola ilichagua njia ya siri kwa kinywaji chake, na hata yenyewe nusura iumizwe kutoka ndani: mwaka 2006 katibu muhtasi wa makao makuu yake mjini Atlanta alikamatwa baada ya nyaraka na sampuli kutaka kuuzwa kwa Pepsi. Pepsi ndiyo iliyotoa taarifa. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 8.

Nchini Burundi, Sheria Na. 1/13 ya tarehe 28 Julai 2009 kuhusu miliki ya viwanda haikuishia kwenye hataza na alama. Inagusa pia ushindani usio wa haki, yaani vitendo vinavyokwenda kinyume na uaminifu wa kibiashara. Nyuma yake iko sheria ya madeni na mikataba ya mwaka 1888, urithi wa utawala wa Wabelgiji. Kifungu chake cha 33 kinasema kwa maana yake kwamba makubaliano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa waliofunga, na cha 258 kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Vifungu hivyo viwili, kwa namba zilezile, vimo pia katika sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu chimbuko ni moja. Kwa mfanyabiashara wa Rumonge anayeuza Baraka au Kalemie hiyo ni faida isiyotajwa sana: mwanasheria wa ng'ambo anasoma kitabu kilekile.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Chini ya kifungu cha 258 mdai lazima aonyeshe kosa, hasara, na kwamba hasara ilitokana na kosa hilo. Wateja kuhama peke yake hakutoshi. Huenda walifuata bei, au walimfuata karani kwa kuwa ndiye waliyemzoea. Ndipo kifungu cha 33 kinapokuwa na uzito: kama karani alitia saini karatasi inayotaja habari zipi ni siri na kuahidi kutozitumia, mdai hahitaji tena kubishana kama lilikuwa kosa. Anaonyesha ahadi, kisha anaonyesha kwamba imevunjwa. Karatasi hiyo ni ukurasa mmoja tu, wala haihitaji lugha ngumu, ila itaje habari zenyewe. Kuandika "siri zote za kampuni" ni sawa na kutoandika.

Mashitaka ya jinai ni jambo la kuangaliwa kwa tahadhari, maana wapo matajiri ambao hukimbilia polisi kwanza. Wizi katika sheria za Burundi na Kongo ni kuchukua kitu cha mwingine. Daftari likiondoka, hapo kuna wizi wa daftari. Alichokihifadhi karani kichwani si kitu cha kuibwa kwa maana hiyo, na kumweka mtu ndani kwa sababu anawajua wateja wako ni kutafuta kesi ya kukugeukia. Hali ni tofauti iwapo aliingia bila ruhusa kwenye kompyuta au simu ya ofisi. Burundi ina sheria ya uhalifu wa mtandaoni, Na. 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022, na Tanzania ina ya mwaka 2015, ambayo inataja pia upelelezi wa data.

Aidha ujuzi wa kazi ni mali ya mfanyakazi. Kongo imeliandika hilo waziwazi. Sheria yake ya kazi ya mwaka 2002 inamkataza mfanyakazi kufichua siri za mwajiri, lakini inabatilisha masharti ya kumzuia kufanya biashara kama hiyo baada ya kuondoka, isipokuwa katika hali chache: alifukuzwa kwa kosa kubwa au aliacha mwenyewe bila mwajiri kukosea, anazijua siri au wateja kiasi cha kuweza kumdhuru vikali mwajiri, na zuio halizidi mwaka 1. Tajiri anayemwandikia karani wa Baraka zuio la miaka 5 anapoteza wino. Na ukweli usemwe, karani asiye na mkataba wa maandishi na anayelipwa mshahara nusu nusu ana sababu nyingi za kuhama kuliko za kunyamaza.

Upande wa Kigoma mambo hubadilika, kwa kuwa Tanzania hufuata mapokeo ya Kiingereza. Haikutunga sheria mahsusi kama Uganda, yenye sheria ya ulinzi wa siri za biashara ya mwaka 2009. Mahakama hutegemea kanuni ya kuvunja uaminifu, ambayo msingi wake ni hukumu ya Uingereza ya mwaka 1968. Huulizwa kama habari ilikuwa ya siri, kama ilitolewa katika mazingira ya kuaminiana, na kama imetumiwa bila ruhusa kwa hasara ya mwenyewe. Mkataba wa maandishi husaidia huko kama unavyosaidia Bujumbura.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2010, inataja siri za biashara miongoni mwa mambo ambayo nchi wanachama zishirikiane. Ushirikiano huo haujawa sheria moja. Hukumu ya Bujumbura haijitekelezi Kigoma. Lazima ipelekwe tena mbele ya mahakama ya huko. Njia fupi zaidi ni usuluhishi wa kibiashara. Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa utambuzi wa maamuzi ya wasuluhishi tangu mwaka 1964, nazo Burundi na Kongo zilijiunga mwaka 2014, hivyo uamuzi wa msuluhishi mmoja unaweza kupelekwa kutekelezwa pande zote tatu. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 32, unaruhusu hata wafanyabiashara binafsi kuichagua Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha iwe msuluhishi wao, mradi wameandika hivyo katika mkataba wao. Kwa mzigo wa madumu 200 gharama yake haina maana. Kwa mkataba wa ugavi wa mwaka mzima inafaa kufikiriwa.

Wasafirishaji nao wanahusika, kwa sababu nyaraka hupita mikononi mwao. Dereva wa lori linaloteremka kutoka Bujumbura hadi Rumonge, au nahodha wa boti, anahitaji kujua idadi ya mizigo na mpokeaji. Hahitaji ankara yenye bei. Hati ya kupokelea mzigo isiyo na bei inamtosha, na ankara iende kwa wakala wa forodha peke yake, ambaye mkataba wake uwe na sharti la siri. Wakala mmoja huwahudumia washindani watatu au wanne, na ndiye anayeona bei za wote.

Ila ankara inayopelekwa kwa mamlaka ya mapato, OBR, lazima iwe ya kweli. Chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, tamko la uongo ni kosa, na siri ya biashara si kisingizio.

Siri ikishatoka, siku za mwanzo ndizo zenye thamani. Wanasheria hushauri kukusanya ushahidi ungali mbichi (ujumbe wa simu, ankara za mshindani, majina ya wateja waliopigiwa), kuomba amri ya mahakama ya kusimamisha matumizi kabla ya kudai fidia, na kumwandikia barua mwajiri mpya wa karani, akieleza habari gani ni siri na zilipatikanaje. Barua hiyo ina kazi maalum. TRIPS inamhesabu pia mtu wa tatu aliyepokea siri akijua, au aliyezembea vikali kujua, kwamba ilipatikana isivyo halali. Tangu siku aliyosaini kuipokea, hawezi tena kusema hakujua.