Mabinti wa Sayyid Said katika Vita vya Ndugu, Unguja 1859

Alipofariki Sayyid Said bin Sultan baharini mwaka 1856, naye yu safarini kutoka Maskati kurejea Unguja, dola yake iligawanyika baina ya wanawe: Thuwaini akashika Oman, na Majid akakalia kiti cha Unguja. Barghash, ndugu yao, hakuridhia. Na mwaka 1859, akiungwa mkono na mashekhe wa kabila la Al-Harthi, aliazimu kumwondoa Majid kwa nguvu ya silaha. Wengi wanaoisimulia fitina hiyo hutaja wanaume na mizinga, ilhali sehemu kubwa ya matayarisho yake ilipitia mikononi mwa wanawake.

Wa mbele yao alikuwa Bi Khole, binti wa Sayyid Said. Yeye, kwa mapenzi makubwa aliyokuwa nayo kwa Barghash, alimvuta katika shauri hilo mdogo wake Salme, mwenye umri wa miaka 15. Katika zama ambazo mabinti walifundishwa kusoma Kurani wala hawakufundishwa kuandika, Salme alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa bapa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi. Kwa elimu hiyo aliyojipatia mwenyewe akawa katibu wa njama, akiwaandikia wakuu nyaraka, na kuagiza bunduki, risasi na baruti.

Majid alipotambua, aliizungushia askari nyumba ya Barghash. Usiku mabinti hao wakatoka na msafara wa wanawake, wakawakabili walinzi na kutaka waachiwe wamzuru dada yao Meje, aliyekuwa humo. Na kwa kuwa ilikuwa aibu kumzuia binti wa Sayyid Said, wakaruhusiwa. Barghash, ambaye mwanzo aliona ni dhila kuvaa nguo za kike, mwishowe alikubali kufunikwa shela hata yakabaki macho tu, akatiwa kati ya wanawake warefu, na askari wakawapisha kwa heshima. Sitara ambayo ada iliwawekea wanawake ikawa ngao ya mwanamume aliyetafutwa kuliko wote.

Akafika shamba la Marseille, lakini wafuasi wake wakashindwa; Balozi wa Kiingereza, Rigby, akamsaidia Majid kwa askari wa manowari, na Barghash akajisalimisha, akahamishiwa Bombay. Majid, kwa hilimu yake, hakuwaadhibu dada zake. Walioadhibika ni watumwa waliopewa silaha na mabwana na mabibi zao, wakafa katika vita visivyokuwa vyao.

Baada ya Majid, Barghash alitawala Unguja tangu 1870. Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani na kubatizwa, alirudi Unguja mwaka 1885, na ndugu huyo, ambaye yeye alimwandikia nyaraka kwa kuhatarisha maisha yake, akakataa kumpokea. Mwaka uliofuata Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na kwa kitabu hicho tumeyajua mengi ya haya. Basi wenye kufundisha tarehe ya Unguja yawapasa kuwaweka Khole na Salme katika safu moja na Majid na Barghash, kwa kuwa walishauri, walitenda na walihatarika kama wao. Na yawapasa pia kukumbuka kwamba aliyeandika alikuwa bibi mwenye kumiliki watu, ili wale waliotumwa na mabibi nao wahesabiwe miongoni mwa waliovibeba vita vile.