Alama Juu ya Ala: Tatizo la Kumtambua Mmiliki wa Kisu cha Vita cha M3

Kisu cha M3 kilianza kutolewa kwa askari wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani mwaka 1943. Zaidi ya visu milioni 2 vilitengenezwa kabla ya singe ya M4 kuchukua nafasi yake mwaka 1944. Leo wakusanyaji huvitafuta, na thamani ya kisu hupanda pale kinapohusishwa na askari anayetajwa kwa jina. Makala haya yanachunguza uzito wa ushahidi unaotumika kuthibitisha uhusiano huo.

Kisu chenyewe hakisemi mengi. Hubeba jina la mtengenezaji, kama vile Camillus, Imperial au Utica, lakini hakikupewa namba ya pekee ambayo ingeweza kukiunganisha na askari mmoja. Kwa hiyo mtafiti huigeukia ala, ambayo mara nyingine huwa na herufi moja na tarakimu nne. Hii ni alama iliyotumiwa na askari kutambulisha nguo na vifaa vyao: herufi ya kwanza ya jina la ukoo, ikifuatwa na tarakimu nne za mwisho za namba ya utumishi.

Alama hiyo hudhaniwa kuwa jina kamili, ilhali sivyo. Herufi 26 na tarakimu nne huzaa michanganyiko 260,000 tu. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani ina kumbukumbu takribani milioni 9 za walioandikishwa jeshini kati ya 1938 na 1946. Kwa wastani, basi, kila alama ingewaangukia watu wapatao 35, na kwa herufi zinazoanza majina mengi, zaidi ya hapo. Tena, alama huacha tarakimu ya kwanza, ambayo ndiyo hutofautisha aliyejitolea (1) na aliyeandikishwa kwa lazima (3).

Kupunguza orodha hiyo kunahitaji majalada ya utumishi. Hata hivyo, moto uliozuka St. Louis tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza takribani asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioacha utumishi kati ya 1912 na 1960. Kinachosaidia ni taarifa za kila asubuhi za vikosi, zilizoorodhesha waliowasili, waliohamishwa, waliojeruhiwa na waliouawa. Lakini taarifa hizo hufaa pale tu kikosi kinapojulikana kwa njia nyingine, kama vile barua au simulizi ya familia.

Inabainika, kwa hiyo, kwamba alama ya ala huwaondoa wengi katika orodha bila kumthibitisha mmoja. Mtafiti anayechagua jina la shujaa kati ya majina 35 humpa aliyekufa kitu ambacho huenda hakukishika kamwe, na humnyang’anya mwenzake kumbukumbu pekee iliyosalia.